Nusu Kichwa

Shanga zinadondoka kwenye sakafu ya mbao: ta, ta, ta-ta. Kisha moja inabiringika peke yake, polepole, hadi chini ya kabati, na nyumba inanyamaza.

Verlene Stribling ana miaka arobaini na tisa, na sauti hiyo bado humkamata katikati ya ngazi, mkono ukutani, asikumbuke kama alikuwa anapanda au anashuka.

Alikuwa na miaka minane wakati ule. Yeye na dada yake Ornetta, aliyemzidi miaka minne, walikuwa wameletwa kwenye nyumba yao ya tatu, kwa mlezi wa kambo mzungu mwenye piano isiyopigwa na makochi yasiyokaliwa. Mama yao mzazi alikuwa amewasuka wote wawili kabla hajalazwa: misuko midogo midogo, kila mmoja na shanga tatu mwishoni, nyekundu, nyeupe, nyekundu. Mlezi yule hakuwa mtu mbaya. Alisema tu kwamba shanga zinagongana mezani na zinamuumiza kichwa. Akachukua mkasi wa kushonea, akamweka Ornetta kwenye stuli. Hakuuliza. Ornetta hakulia; alifumba macho, midomo ikawa inacheza bila sauti. Usiku alimwambia Verlene kwamba alikuwa anazihesabu ili baadaye azitafute zote.

Baada ya hapo hakuna aliyejua la kufanya na vichwa vyao. Walichanana wenyewe bafuni kwa chanuo la mbwa wa nyumba ile. Ornetta alipofika miaka kumi na tano alitokea mwanamume mwenye gari la rangi ya maziwa, akamwambia kwamba dada yake ana saluni, na kwamba msichana mzuri kama yeye asitembee na kichwa kile. Jumamosi ya kwanza alirudi amesukwa. Jumamosi ya pili alirudi na viatu vipya. Ya tatu hakurudi.

Wiki hiyohiyo alipotea msichana mwingine, mzungu, binti wa daktari wa meno, nywele rangi ya mahindi. Helikopta ilizunguka juu ya mto Maumee tangu asubuhi, wanaume walifyeka magugu kwa fimbo, na Verlene, miaka kumi na mmoja, alisimama dirishani akiamini kwamba wanawatafuta wote wawili. Binti wa daktari alipatikana kwa rafiki yake siku ya pili. Helikopta ikaenda zake. Kwenye fomu ya Ornetta kulikuwa na visanduku viwili, kimoja cha mtoto aliyepotea na kimoja cha mtoto aliyetoroka, na afisa alitia alama kwenye cha pili, akafunika kalamu. Miaka miwili baadaye jirani mmoja alisema amemwona kwenye kituo cha malori kando ya barabara kuu ya kwenda Detroit, amevaa wigi la mtu mzima, akishuka lori moja na kupanda jingine. Alipoita jina lake, yule msichana aligeuka kwanza, kisha akajifanya hakusikia.

Ndiyo maana Verlene hawezi kukaa. Siku za wiki yumo jikoni kwenye shule ya msingi kusini mwa mji wa Toledo, anapika makaroni ya jibini ya watoto mia nne, na wapishi wenzake wameshazoea kumwona akitoka na mwiko mkononi kwenda kuhesabu vichwa kwenye foleni. Jumamosi anashuka kwenye chumba kilicho chini ya kanisa la Hebroni na kuwasuka bure watoto walio kwenye malezi ya kambo. Miaka kumi na miwili sasa. Kwenye mafaili ya ustawi wa jamii watoto weusi wamejaa. Kwenye orodha ya walezi, wazungu ndio wamejaa. Hivyo kila Jumamosi magari makubwa safi huvuka daraja kutoka ng'ambo ya mto, na watoto hushuka ngazi za kanisa wakiwa wamevaa kofia.

Mwenzake wa kazi ni Juanda Pettway, mwosha vichwa, mwanamke mnene mwenye kifua cha kuimba na mdomo usiofungwa.

"Shoga, hebu kaa chini, unanitia kizunguzungu."

"Nikikaa nitafikiri."

"Na ukisimama unafanya nini, unasali?"

Kamyra Goins alishuka ngazi zile mwezi wa tatu, kofia ya sufu imevutwa hadi kwenye nyusi. Alikuwa na miaka kumi na tano na nyumba sita nyuma yake. Alipoivua, hata Juanda aliacha kuimba. Nywele zilikuwa zimeshikana zikawa kitu kimoja, kama mkeka uliolowa ukakauka ukiwa umekunjwa. Mlezi wake, Marcy Ruffing, mwanamke mwembamba mwenye miwani, alisimama nyuma yake akilia.

"Nilikuwa naziosha kila siku," Marcy alisema. "Kama zangu."

"Ndiyo," alisema Verlene. "Naona."

Kamyra alishika mikono ya kiti. "Usikate."

"Sikati."

"Wote husema hivyo."

"Siku nikitaka kukata nitakuuliza kwanza. Ukisema hapana, ni hapana."

Ilichukua Jumamosi tatu, mafuta chupa nne, vidole hadi vikafa ganzi. Hakukata hata unywele. Jumamosi ya tatu Kamyra alijitazama kwenye kioo, akageuza kichwa huku na huku, akasema, "Kumbe ninacho kichwa," na Juanda akacheka hadi akamwaga maji.

Alikuja hadi mwezi wa saba. Mwezi wa nane hakuja. Mwezi wa tisa hakuja. Katikati ya mwezi wa kumi alikuja, na Verlene alikisikia kicheko cha Marcy ngazini kabla hajawaona.

"Tazama!" Marcy alisema. "Tazama alivyopendeza!"

Rasta, nywele za dukani zilizosukwa pamoja na zake, zilishuka hadi kiunoni, nyembamba, nyepesi, mistari imenyooka kama imepigwa rula. Verlene alikizunguka kichwa kile mara mbili. Ilikuwa kazi ya saa nane, ya fundi, ya bei ambayo hata watu wazima huiwekea fedha pembeni. Kucha zilikuwa ndefu, na mkononi kulikuwa na simu ambayo haikuwa ile aliyonunuliwa na akina Ruffing.

"Nani kakusuka?"

"Binamu yangu. Nyesha."

"Binamu wa upande gani?"

"Upande wa watu wangu."

"Watu wako wanaitwa nani?"

"Bi Verlene, siku hizi umekuwa polisi?" Kamyra alicheka, lakini alikuwa anatazama simu. "Alinipata mtandaoni. Anajua mambo ya mama yangu na kila kitu. Jumamosi ijayo ananipitia hapahapa, ananipeleka Detroit, bethidei ya mtoto wake. Tunalala huko."

Verlene alihisi ngazi chini ya mguu wake, ingawa alikuwa amesimama mahali palipo sawa.

"Huenda ni binamu kweli," Juanda alimnong'oneza walipobaki wawili. "Sisi sote tuna mabinamu tusiowajua. Mimi nilimpata mmoja kwenye msiba, tena ndiye aliyekuwa analia kuliko wote."

"Huyo wako alikununulia kucha?"

Juanda alifunga bomba la maji. "Hapana. Aliniomba nauli."

Jumatatu, saa ya mapumziko, Verlene alipiga simu kwenye namba ya kuripoti watoto walio hatarini akiwa kwenye stoo ya shule kati ya magunia ya viazi. Sauti ya upande wa pili ilikuwa changa na ya adabu. Umeona jeraha? Hapana. Mtoto amesema anadhurika? Hapana. Umemwona huyo binamu? Hapana.

"Basi umeona nini, mama?"

"Nywele."

Alisikia mtu akiandika, kisha akiacha kuandika.

"Nywele si kosa, mama."

Akampigia Lucius Weems, afisa ustawi wa Kamyra, mtu mweusi wa makamo ambaye sauti yake siku zote ilikuwa ya mtu anayeendesha gari. Yeye hakuhitaji kuelezwa nywele. Aliuliza tu, "Hadi kiunoni?"

"Hadi kiunoni. Na kucha. Na simu ya pili."

"Bi Verlene, nina watoto thelathini na mmoja. Wiki nzima niko mahakamani, na Jumamosi nampeleka mmoja Columbus. Nitarudi moja kwa moja hapo kanisani. Saa kumi. Nikiongea naye uso kwa uso naweza kusimamisha safari. Kwa simu hatanisikiliza, atatoka tu dirishani. Umzuie hadi saa kumi."

"Siruhusiwi kumzuia mtoto."

"Najua huruhusiwi."

Jioni hiyo alivuka daraja mwenyewe, akaongea na Marcy kwenye baraza, karibu na maboga waliyoyachonga sura kwa ajili ya sikukuu ya mwisho wa mwezi. Alisema yote. Alimtaja hadi Ornetta. Marcy alisikiliza, miwani mkononi, macho mekundu.

"Nilikutana naye, Bi Verlene. Nyesha. Ana heshima, ananiita mama. Kwenye mafunzo walituambia: mtafutie mtoto mtu wa watu wake, amtengeneze nywele, ajijue. Nilishukuru Mungu alipotokea." Alishusha sauti. "Sitaki kuwa yule mzungu anayemkataza mtoto mweusi kuonana na ndugu zake. Nikimkataza, na akawa ni binamu kweli?"

"Ulimuuliza kitambulisho?"

Marcy alitazama maboga. "Niliona ni aibu. Mtu mwenyewe anafanana naye."

"Anafanana naye nini?"

Shingo ya Marcy ikawa nyekundu taratibu, kutoka chini kwenda juu.

"Sisi wengine," Verlene alisema akiinuka, "tunafanana kwa sababu hujatutazama."

Aliyajutia maneno yale njia nzima. Si kwamba hayakuwa kweli. Ila mwanamke aliyeaibika hawezi kufikiri, na yeye alikuwa anamhitaji afikiri.

Jumamosi, saa saba na dakika kumi mchana, Kamyra alishuka ngazi peke yake, mkoba begani. Marcy alikuwa amemwacha mlangoni akaenda kumnunulia soksi za safari. Nyesha angempitia hapohapo saa tisa.

"Nirekebishe nywele za mbele tu," Kamyra alisema, akakaa. "Fasta. Nataka nitokee."

"Pembeni hapa zimeanza kukatika. Rasta zinavuta. Nikuondolee mbili zipumue?"

"Mbili tu."

"Mbili."

Kamyra akaziba masikio kwa muziki wake, akainamia simu. Verlene akaziondoa mbili. Kisha akasimama nyuma ya kile kichwa, kitana mdomoni, akatazama saa ya ukutani. Saa kumi ilikuwa mbali kama mji mwingine.

Mlango ulikuwa wazi na ulipaswa kubaki wazi. Hakuruhusiwa kumshika mkono, wala kumnyang'anya simu, wala kusimama njiani. Lakini alikuwa amezaliwa mweusi na amelelewa mweusi, na kuna jambo moja alilolijua ambalo Marcy hakulijua, na sauti ile changa ya simu haikulijua: hakuna msichana wa kwao, awe mkubwa, awe mdogo, awe na haraka ya namna gani, atakayetoka barabarani na nusu kichwa, upande umesukwa, upande umefumuliwa.

Alichukua mkasi.

Akaushika hewani kwa muda. Sikioni mwake shanga zilidondoka, moja ikabiringika. Nitakuuliza kwanza, alikuwa amesema. Ukisema hapana, ni hapana. Alijua akiuliza jibu litakuwa hilo. Akapima kwa kidole mahali nywele za mtoto zilipoishia na nywele za dukani zilipoanzia, akashuka chini yake upana wa kiganja, akakata. Rasta ilianguka kwenye taulo bila sauti. Akaifumua iliyobaki hadi kwenye mzizi. Akakata ya pili.

Juanda alikuja na taulo kavu, akaona. Alifungua mdomo. Kisha, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili, akaufunga bila kusema kitu, akavuta stuli, akakaa upande uleule wa kushoto na kuanza kufumua. Vidole ishirini vilikimbia kimyakimya kama vya wezi. Kamyra alitikisa kichwa kufuata ngoma ya sikioni mwake, na wao wakatikisika naye.

Saa tisa kasoro dakika saba Kamyra akakohoa, akapeleka mkono kisogoni.

Mkono ulisimama. Ukaenda kulia, ukakuta rasta. Ukarudi kushoto, ukakuta nywele zake mwenyewe, zimefumuka, zimesimama kama moshi. Alichomoa waya masikioni.

"Nini hiki?"

"Bado sijamaliza," alisema Verlene.

"Nimesema mbili! Mbili!" Aliruka kutoka kwenye kiti, akaziona rasta kwenye taulo. "Umekata! We bibi umechanganyikiwa? Uliniahidi!"

"Nilikuahidi."

"Umefanya makusudi! Unanionea wivu, huna mtoto, huna mtu, unakaa chini ya ardhi na vichwa vya watu!" Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anayafuta kwa hasira kwa mgongo wa kucha zile. "Nirudishie! Sasa hivi!"

"Siwezi kurudisha. Naweza kumalizia. Kaa."

"Saa ngapi utamaliza?"

"Nikianza sasa, saa kumi na moja."

Nje, honi ililia. Mara moja, fupi, kisha ndefu.

Kamyra alitazama ngazi, akatazama kiti. Akanyakua taulo la Juanda, akalitupia kichwani kama kilemba kibovu, akapanda mbio. Verlene alibaki na kitana mkononi. Miguu ilimtaka amfuate. Aliipeleka dirishani badala yake.

Madirisha ya chumba kile ni membamba, yako juu karibu na dari, usawa wa lami. Alipanda juu ya stuli. Hakuona nyuso. Aliona tairi, aliona kibao cha namba za gari kikiwa sawasawa na macho yake, aliona raba nyeupe za Kamyra zikifika na kusimama. Kioo cha gari kilishuka, na sauti ya mwanamke ikasikika, tamu, ya kukaribisha.

"Mrembo wangu! Mbona umejifunga kama mgonjwa? Hebu vua tukuone."

"Nyesha, usicheke."

"Sicheki. Vua."

Taulo lilianguka kando ya raba nyeupe.

Sauti iliporudi, utamu ulikuwa umebaki mahali fulani.

"Nani kakwambia ufumue?"

"Sikumwambia, amenifumua tu huyu mama. Nitavaa kofia. Mtoto wako hatajali, si ni bethidei tu?"

"Kofia? Wanakusubiri uko kama kwenye picha."

"Picha gani?"

"Zile nilizokupiga."

"Nani wananisubiri?" Raba moja ilirudi nyuma kidogo. "Nyesha. Nani? Ulisema ni mtoto wako."

"Usinianzie maswali hapa barabarani. Unajua nimehangaika kiasi gani kwa ajili yako? Sasa nikupeleke na kichwa hicho, waniambie nini?"

"Kina nani?"

Kutoka kiti cha nyuma cha gari Verlene alisikia mtu wa pili, mwanamume, akisema maneno mawili matatu kwa sauti ya chini, kama mtu anayekataa sahani hotelini.

"Basi," Nyesha alisema. "Rudi ndani. Jumatano nitakuja. Uwe umetengeneza. Na usimwambie mtu upuuzi."

"Juanda," Verlene alisema bila kugeuka, "andika." Akasoma herufi na namba za kibao, moja moja, na Juanda akaziandika kwa penseli ya nyusi kwenye mfuko wa karatasi wa nywele. Gari likaondoka. Raba nyeupe zilibaki pale pale. Upepo wa mtoni ulisukuma majani makavu yakazizunguka. Zilibaki muda mrefu sana. Verlene alikuwa na uhakika kwamba zitakwenda kulia, kwenye kituo cha basi, kisha akawa na uhakika zitakwenda kushoto, na kila mara moyo wake ulitangulia upande huo.

Ziligeuka.

Kamyra alishuka ngazi taratibu, taulo mkononi. Alikaa kwenye kiti, akawapa mgongo.

"Maliza," alisema.

Verlene alianza upande wa kulia. Kila rasta, kabla hajaikata, aliishika mbele ya macho ya msichana. "Hii?" Kamyra alitikisa kichwa kukubali. "Na hii?" Akakubali. Walikwenda hivyo, moja moja, na ilichukua muda mara mbili.

"Ungeniuliza mwanzo," Kamyra alisema mwishowe, "ningesema hapana."

"Najua. Ndiyo maana sikuuliza. Wala sikuombi useme nilifanya vizuri."

"Hukufanya vizuri."

"Sawa."

"Namchukia. Nakuchukia na wewe."

"Sawa, mwanangu. Inamisha kichwa kidogo."

Weems alifika saa kumi na dakika kumi na tano, koti mkononi, na Marcy, aliyechelewa madukani na kisha kwenye foleni ya darajani, alikuwa nyuma yake na soksi za safari bado kwenye mfuko wake. Marcy alikuwa ameshasimuliwa na Juanda mlangoni. Uso wake ulikuwa hauna rangi kabisa. Weems alichutama mbele ya kiti ili asimtazame mtoto kutoka juu. Alimuuliza mambo manne. Kamyra alijibu mawili. Kisha akauliza lake.

"Mtanihamisha?"

Weems aliusugua uso wake. "Sijui. Sitakudanganya."

"Mimi simwachi," Marcy alisema haraka, sauti imepasuka. "Kama anataka kubaki. Kamyra, kama unataka."

Kamyra aliutazama ule mfuko wa soksi.

Weems alitoa fomu, akaiweka kwenye goti, na Verlene akaacha kufumua. Alikuja akasimama nyuma ya bega la yule bwana, akaitazama kalamu yake kama mtu anayetazama mkono wa daktari.

"Safari hii mnaandika nini?" aliuliza.

"Siyo kutoroka, Bi Verlene. Yuko hapa, na sitaandika hata kwamba alitaka kutoroka." Alichukua ule mfuko wa karatasi, akanakili namba za gari. "Naandika kuna mtu alitaka kumchukua."

"Na hao wa simu watalisoma?"

"Namba za gari watazisoma." Alikunja fomu. "Nitawapigia hadi wasome. Na kuna Jumatano."

Kuna Jumatano. Wote walilisikia neno hilo likikaa chumbani. Verlene alikuwa tayari anapanga: angeomba ruhusa jikoni, angekaa ndani ya gari mbele ya nyumba ya akina Ruffing tangu asubuhi, angeenda na chupa ya kahawa. Aliangalia mlango, akahesabu vichwa. Watano. Akahesabu tena.

Marcy alivuta stuli ya Juanda. "Nionyeshe," alisema. "Nilipaswa kujifunza tangu mwezi wa tatu. Tafadhali."

"Mimi sisemi," alisema Verlene. "Muulize mwenye kichwa."

Marcy aliinama kidogo. "Kamyra. Naweza?"

"Anzia nchani," Kamyra alisema. "Si juu. Ukianzia juu napiga kelele."

Juanda aligeukia ukuta, akaanza kukunja taulo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Marcy alichana kutoka nchani, ulimi katikati ya meno, kama mtu anayetia uzi kwenye sindano. Verlene alishughulika na upande mwingine, na kwa kuwa Kamyra alikuwa amemuuliza mara mbili kwa nini alifanya vile, alimwambia. Stuli, mkasi wa kushonea, gari la rangi ya maziwa. Jumamosi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Helikopta ya mtoto mwingine. Aliyasema akiwa amesimama, akihama mguu huu na huu, na vidole vyake havikuacha kazi hata alipofika kwenye kituo cha malori.

Kamyra alikaa kidevu kifuani. Zilikuwa zimebaki rasta tatu.

"Alikuwa na miaka mingapi?"

"Kama wewe."

"Na wewe ulikuwa unamsubiri dirishani."

"Ndiyo."

Kamyra aligeuka nusu, kitana cha Marcy kikabaki kimening'inia nyweleni, akamtazama Verlene usoni kwa mara ya kwanza tangu honi ilie.

"Alirudi?"

Vidole vya Verlene vilisimama. Miguu nayo. Ilikuwa miaka thelathini na minane, na hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo kama mtu anayetaka jibu. Aliishika rasta iliyofuata, akaipapasa kwa kidole gumba kutoka juu hadi chini, na alipojibu ilibidi Kamyra ainame nyuma ili asikie.

"Bado," alisema.